Uji wa Watu Wawili

Harufu ya uji wa ulezi ulioanza kuungua chini ya sufuria bado hunifanya nikaze meno. Ninaweza kuwa jikoni kwangu, mtu mzima mwenye watoto, nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, nikifungua kinywa polepole ili nihakikishe kwamba kinafunguka. Ninyi nawasimulia kwa sababu nyumbani jambo hili hatulizungumzi.

Nilikuwa darasa la tano, tukiishi Karatu, nilipopigwa teke na punda. Alikuwa punda wa jirani, mbeba maji, mpole kuliko mbuzi wengi niliowajua. Nilipita nyuma yake na ndoo tupu, ndoo ikagonga ukuta, akashtuka. Maumivu siyakumbuki. Nakumbuka ladha ya damu iliyochanganyika na lile vumbi letu jekundu, na Mama akinikimbilia huku mikono yake imejaa unga. Taya lilikuwa limevunjika. Nikapelekwa hospitali kubwa huko Moshi, na daktari akayafunga meno yangu ya juu na ya chini kwa nyaya, yasiachane mpaka mfupa ushike. Tukapewa na mkasi wa kukatia waya. Waliwaambia wazazi wangu kwamba nikitapika kinywa kikiwa kimefungwa naweza kupaliwa nikafa, basi Baba akautia mfukoni na hakuutoa hata alipokwenda kanisani.

Baba alikuwa mpishi wa kambi za watalii. Alipika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na mara nyingine aliteremka na wageni mpaka Engaresero, ambako alisema joto hukuivishia mayai kabla hujawasha moto. Safari hiyo aliomba ruhusa akabaki nyumbani. Alichemsha mifupa ya ng'ombe tangu asubuhi, akaichuja supu kwa kitambaa cheupe. Aliponda ndizi zikawa maji. Uji wa ulezi haukukosekana. Niliunyonya kwa mrija niliouingiza kando ya shavu, kwenye pengo la jino lililong'olewa na teke. Nilipogoma aliniambia, "Mgonjwa haulizwi uji, mama." Kisha alijimiminia kikombe chake, akaketi karibu yangu, akanywa.

Ndivyo tulivyoishi. Mama na kaka yangu walikula makande na ugali, sisi wawili tulikunywa. Majirani walilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, kama watu wanaosema habari za mtakatifu: Baba Anjela anafunga pamoja na mwanawe. Kanisani mzee mmoja alimtolea mfano. Baba alitazama viatu vyake. Mimi nilijiona mtoto anayependwa kuliko watoto wote wa wilaya ile, na sikujiuliza kwa nini suruali yake sasa ilishikwa na kamba badala ya mkanda.

Nyaya zilitolewa wakati wa baridi, siku zile ukungu unapoteremka kutoka msituni na kulala barabarani mpaka magari ya watalii yanapita na taa zikiwaka. Nilikuwa nimeingoja siku ile kama Krismasi. Daktari alizikata moja baada ya nyingine, akazivuta, kisha akasema, "Fungua." Kinywa kikafunguka upana wa kidole. Nikapewa vijiti bapa vya mbao, nivipange kati ya meno na kuongeza kimoja kila nitakapoweza.

Hakuna aliyeniambia kwamba kula nako husahaulika. Kipande cha kiazi kilikaa mdomoni kama kitu cha mtu mwingine. Ulimi haukujua ukipeleke upande gani. Meno hayakukutana tena pale yalipozoea kukutana. Nilipotafuna, mfupa ulilia karibu na sikio, nami nikaacha, nikingoja uvunjike. Mate yalinitoka mbele ya wageni. Nililia kwa ajili ya kiazi, mtoto wa darasa la tano.

Mchana mmoja Mama alipika makande laini, akayapondaponda kwa ajili yangu. Baba akavuta kikombe chake.

"Baba, mimi nimeshafunguliwa," nikamwambia. "Sasa na wewe kula."

Mama akacheka, akampakulia sahani. "Kweli kabisa. Kwaresima imekwisha, Baba Anjela."

Alituangalia wote. Akachukua kijiko, akatafuna muda mrefu sana, na mimi nikatafuna naye, nikifuata taya lake kama anayefundishwa wimbo. Akameza. Machozi yakamtoka. Akasimama taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu nje, na baada ya kitambo tukamsikia nyuma ya jiko akikohoa na kutapika.

Nilimfuata Mama. Baba alikuwa ameinama, mkono ukutani.

"Kinakwama hapa," alisema, akigusa kifua.

"Tangu lini?"

"Kabla ya punda," akasema.

Mama hakupiga kelele. Alishika ncha ya khanga yake akamfuta mdomo, kama alivyonifuta mimi.

Ilikuwa saratani ya njia ya chakula, na ilikuwa imekwenda mbali. Madaktari walimrudisha nyumbani. Vijiti vyangu viliongezeka. Yeye akatoka kwenye uji akaingia kwenye maji ya uji, kisha maji matupu kwa kijiko. Mahindi mabichi yalipofika sokoni aliniita kitandani.

"Choma hindi moja, uje ulile hapa."

"Mfupa utauma, Baba."

"Utauma kidogo. Kula nikusikie."

Nikala. Kila nilipong'ata, taya liligonga, na yeye alifumba macho akisikiliza. Sikuacha mpaka kikabaki kigunzi. "Limeshika," alisema, kama fundi anayekabidhi kazi.

Hakufikia mavuno. Siku ya mazishi mama mmoja aliniwekea nyama sahanini. Niliitafuna yote bila maumivu, na nililichukia taya langu kwa kutouma.

Kwa miaka mingi nilihisi nimedanganywa. Hakufunga kwa ajili yangu, nilijiambia. Alikuwa mgonjwa tu, na mimi nikajisifu bure. Nilipokuwa mtu mzima ndipo Mama aliponieleza kwamba kule Moshi, siku niliyofungwa nyaya, daktari mmoja alimsikia Baba akikohoa ukumbini, akamtaka arudi kesho yake apimwe. Baba alijibu, "Mtoto akifunguliwa, nitakuja." Alimwambia Mama hayo alipokuwa hawezi tena kuinuka. Nikamuuliza Mama kama angepona endapo angerudi kesho yake. Akaniuliza kama nimekula.

Sijui. Ninachokijua sasa ni kitu ambacho kingenipasa kukijua kabla ya wote, mimi niliyekuwa na kinywa kilichofungwa: supu haishibishi. Usingizini nilikuwa nikiota nyama. Mtu yule alisimama mbele ya mifupa inayochemka kutwa nzima, akachuja, akaonja, akanipa, na alikuwa na njaa. Mimi nilikuwa na siku ya kufunguliwa. Yeye nadhani alikuwa ameshajua kwamba hana.