Dole la Royce kwenye Dohani ya Bi Merle

Royce Tapping alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu wa mji mdogo wa Bothwell: hakuweza kupita karibu na dohani ya mtu bila kuitolea hukumu. Wenzake wakitembea huangalia njia. Yeye aliangalia mapaa, kule moshi unakotokea, na akikuta matofali ya kale yamezibwa kwa saruji alisimama katikati ya barabara akaguna, hata kama nyuma yake kuna lori la kondoo linapiga honi. Alikuwa na miaka sitini na sita, mwashi wa dohani tangu ujanani. Magoti yalikuwa yameanza kumsusia lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa.

Kila Jumamosi, mpira ukiisha, watu walihamia baa na Royce akatoa hotuba yake ileile.

"Tofali letu la zamani ni laini," alisema, bia mkononi. "Linanywa mvua, na likishakunywa lazima liteme. Chokaa kwenye viungo ndiyo inayolitemesha. Sasa anakuja mjinga mmoja na ndoo ya simenti, anaziba viungo vyote. Halafu, kwa kuwa ujinga haujamtosha, anapaka juu yake ile dawa inayong'aa, eti ya kuzuia maji. Maji yanaingilia kichwani mwa dohani, yanakosa pa kutokea. Majira ya baridi yanaganda humo humo, na uso wa tofali unabanduka. Mtu huyo afungwe."

"Miaka mingapi, Mzee Chokaa?" walimchokoza.

"Mpaka ajue kukoroga chokaa."

Watu walicheka, kila Jumamosi, na Royce alicheka nao, ingawa kicheko chake kilikatika mapema kuliko cha wengine. Mjinga wa hotuba hiyo alikuwepo kweli. Alikuwa Royce mwenyewe, alipokuwa na miaka ishirini na mitano, kijana aliyedhani anajua kila kitu kwa sababu ana mwiko mpya. Na dohani yenyewe ilisimama juu ya nyumba ya Bi Merle Gadd, nyuma ya kanisa. Mwaka ule Merle alikuwa Launceston akimuuguza mama yake. Mumewe, Alby, ndiye aliyempa Royce kazi, na Alby hakuwa mtu wa kusimulia mambo. Miaka miwili baadaye Royce alipata mwalimu mzuri, akajifunza chokaa, akaelewa alichokifanya. Tangu hapo, akienda dukani, alizunguka kwa njia ya mtoni. Aliwaambia watu anapenda kutazama bata.

Asubuhi moja ya Aprili simu yake ililia.

"Royce, ni Merle Gadd. Dohani yangu inanidondokea. Jana kipande kimeanguka kwenye kitanda cha vitunguu."

"Si ungemwita yule kijana wa Hamilton, Bi Merle? Ana jukwaa zuri la kupandia."

"Nimekuita wewe. Una shughuli gani, kutazama bata?"

Akaenda. Mlangoni alipokewa na Janine, binti wa Merle, aliyekuja na gari kutoka Hobart na uso wa mtu asiyelala vizuri. Janine hakuzungusha maneno.

"Mzee Royce, mimi sina ugomvi na wewe, lakini ujue. Ijumaa anakuja mtu kuibomoa. Ataziba tundu, ataweka mashine ya umeme ya kupasha joto, basi. Mama ana miaka themanini na nane. Tofali likimpiga kichwani nitasema nini?"

"Utasema alikufa nyumbani kwake," alisema Merle kutoka jikoni. "Meko hayo nilipikia harusi yako. Hiyo mashine ichomeke kwako."

Sebuleni Royce aliona doa la maji juu ya meko, limeshuka kutoka darini mpaka usawa wa bega, karatasi ya ukutani imejikunja. Kiti cha Merle kilikuwa kimesogezwa kando kulikwepa. Bibi wa watu alikuwa akikaa mbali na moto wake mwenyewe. Royce aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Alipanda ngazi akiwa na tumaini moja la kijinga: labda katika miaka arobaini na moja fundi mwingine alipita hapo, akaiharibu upya kwa namna yake, na lawama ikawa ya wawili.

Hakuna aliyepita. Saruji ilikuwa yake, ngumu na ya kijivu, na dawa yake ilikuwa bado inang'aa kwenye matofali yaliyobaki na uso. Kifuniko cha juu kilikuwa kimepasuka katikati, ufa wa kuingiza kidole. Bati la risasi, lile linaloziba mahali dohani inapotokea kwenye paa, lilikuwa limeinuka kama ukurasa wa kitabu. Na pale ukingoni, kwenye saruji, palikuwa na alama ya dole gumba.

Katika mji huo wafungwa wa enzi za ukoloni waliofyatua matofali waliacha alama za vidole kwenye udongo mbichi, na mpaka leo kuna nyumba ambazo ukipapasa ukuta dole lako linaingia kwenye dole la mtu. Kwa hiyo waashi wa Bothwell wakimaliza dohani hubonyeza dole gumba mahali pa mwisho, juu kabisa, asipoona mtu. Dole la Royce la kushoto lilipasuliwa na tindo akiwa na miaka kumi na minne, likapona na kovu la mshazari. Kovu lilikuwa pale, limetoka vizuri kuliko kazi yenyewe.

Nyundo alikuwa nayo mkononi. Pigo moja tu, dole lingekuwa vumbi, na huko chini angesema kazi hii ni ya fundi fulani wa mjini, Mungu amsamehe. Chini, Merle alikuwa aking'oa vitunguu, hakuinua hata kichwa.

Akapiga tindo taratibu, pembeni, akakitoa kipande chenye dole kikiwa kizima, akakitia mfukoni. Kisha aling'oa nusu tofali, akashuka navyo.

Jikoni aliliweka tofali mezani, kando ya keki ya matunda.

"Mvua ya mwisho ilikuwa lini?" alimuuliza Janine.

"Siku tisa, kumi."

"Lishike."

Janine alilishika, akakunja uso. Lilikuwa limelowa. Royce alipitisha ukucha, uso wa tofali ukatoka wote pamoja na dawa yake, na nyuma yake palikuwa na unyevu wa sponji.

"Dohani yenu si mbovu," alisema. "Imenyimwa pumzi. Nikitoa saruji yote kwa mkono, nikabadilisha mistari sita ya matofali ya juu, nikaweka chokaa, bati jipya la risasi, na kifuniko kinachotokeza nje chenye mfereji chini ili maji yadondoke mbali na ukuta, itasimama. Doa litakauka lenyewe."

"Nani aliifanya hivi?" aliuliza Janine.

Hapo sasa. Royce alitoa kile kipande mfukoni, akakiweka mezani, na pembeni yake akaweka dole lake la kushoto.

"Mimi," alisema. "Yule mjinga ninayemtukana kila Jumamosi ni mimi."

Janine alitazama dole, akatazama kipande, akarudi kwenye dole. "Sasa nikuachie tena kitu ulichokiharibu? Kwa nini?"

Merle ndiye aliyejibu, huku akikata keki.

"Kwa sababu amesema. Angemsingizia fundi mwingine, ningekupigia huyo mtu wa Ijumaa mimi mwenyewe."

"Ulijua?" aliuliza Royce.

"Alby alikuwa akiogopa kupanda hata kiti. Unadhani nani alikuwa akifagia masizi ya dohani hii mpaka miaka ile magoti yalipokataa? Dole lako nimelifagia miaka thelathini, mwanangu. Nilikuwa nasubiri bata wakuchoshe."

Janine alifunika mdomo, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Alitoka nje kupiga simu, na aliporudi alisema Ijumaa imefutwa, ila kama kuna tofali litakaloanguka tena, liangukie kichwa cha Mzee Royce.

Kazi ilichukua wiki tano. Alitoa saruji kwa tindo na nyundo, kiungo baada ya kiungo, kwa sababu mashine ingekata matofali. Chokaa aliifunika magunia yaliyoloweshwa ili isikauke kwa pupa. Jumamosi ya kwanza alikwenda baa akatoa hotuba yake, safari hii akiweka jina la mhusika. Mtu mmoja akauliza kifungo kinaanza lini, na wakamcheka mpaka machozi. Royce alishangaa jinsi alivyolala vizuri usiku huo.

Kifuniko alikimwaga chini uani, ndani ya fremu ya mbao, kwa zege.

"Hiyo si simenti?" aliuliza Merle kutoka kwenye kiti chake, blanketi magotini.

"Kofia inaruhusiwa, Bi Merle. Mwili tu ndio usiovikwa simenti."

Alilainisha ukingo kwa mwiko, akapangusa dole la kushoto kwenye suruali, akainama. Fimbo ya Merle ilitua juu ya mkono wake.

"La kwako limekaa huko juu miaka arobaini na moja," alisema. "Limetosha. Nisaidie kuinama."

Royce alimshika kiunoni na kwapani. Akamshusha polepole mpaka dole gumba lake dogo, lililopinda kwa baridi yabisi, likafika kwenye zege mbichi. Merle alibonyeza kwa nguvu zake zote, akalitazama shimo lake kwa muda, kisha akadai kuinuliwa.

Mwezi Agosti mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano Royce alipita, kwa njia fupi, ya mbele ya kanisa. Merle alikuwa amekaa mbele ya moto, kiti kimerudi mahali pake pa zamani. Juu ya meko, kando ya saa ya Alby, palikuwa na kile kipande cha saruji chenye dole lenye kovu. Royce aliweka kiganja ukutani pale palipokuwa na doa, akaona pakavu, pana joto. Akakiacha hapo, bila kugeuka.

"Papasa tu," alisema Merle nyuma yake. "Chai nimeifunika isipoe."