Magurudumu Safi ya Ijumaa

Baba alikuwa na sheria moja kuhusu magari: gari chafu haliingii kwake. Kwa miaka mingi aliendesha lori la majani chai huko Othaya, na mgeni akifika, kabla ya salamu baba alitazama magurudumu. Mimi ni binti yake, nachanja mifugo Doldol. Kila Ijumaa nikirudi nyumbani nilifurahi kumwona akiyatazama yangu na kukosa la kusema.

Kisha akavunjika nyonga. Walimtia chuma, na daktari wa Nyeri akatueleza wazi kwamba asipofika hospitalini kila Jumamosi kwa mazoezi, hatatembea tena bila kushikiliwa. Matatu hakuweza kupanda, teksi hakutaka hata kuisikia. Nikawa dereva wake.

Ndipo gari likaanza kutetemeka.

Tulikuwa tukienda Nyeri, mwendo wa tisini, trekta ikajitokeza ghafla kutoka njia ya shamba. Nikakanyaga breki. Usukani ulinitikisa hadi mabegani, na baba akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kutoka kwake. Tulisimama hatua chache tu kutoka kwa ile trekta. Alikuwa ameshika paja kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na mimi nikabaki kusema pole, pole, kama kasuku.

"Hii gari itanimaliza kabla ya huu mguu," alisema.

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Niliwaambia mafundi wa Nanyuki kwamba gari linatetemeka, na waliponiuliza zaidi nikawajibu kuwa wao ndio mafundi. Wakabalansi magurudumu, yaani kuyasawazisha uzito. Jumamosi likatetemeka. Nikanunua tairi mbili mpya. Likatetemeka tena, na safari hii baba hakulia, aliuma tu mkono wa koti lake. Jumatatu nilienda kuwafokea wale mafundi mbele ya wateja wao.

Lakini baba alikuwa ameshakata shauri. "Jumamosi ijayo ikitetemeka, basi. Nitakaa na huu mguu vile uko."

Namjua baba. Akisema basi, ni basi. Wiki hiyo sikulala vizuri hata siku moja.

Alhamisi niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa fundi mmoja wa Nyeri, mzee wa miwani niliyeelekezwa kwake na mwenzangu.

"Inatetemeka ukienda tu, ama ukikanyaga breki?" aliuliza.

"Nikikanyaga breki. Nikiwa mbio."

"Na unaskia kwa mikono ama, samahani madam, kwa makalio?"

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. "Kwa mikono."

"Basi ni mbele. Ingekuwa nyuma, kiti ndio ingekuambia."

Alilipeleka barabarani mwenyewe, mimi kando yake. Kwenye tisini lilikuwa shwari. Alipogusa breki, usukani ukaanza kucheza mikononi mwake. Tuliporudi alipiga jeki, akatoa gurudumu la mbele, akairudishia diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na breki, nati zake ili ishike, kisha akashikilia bisibisi, ncha yake ikikaribia kabisa kugusa diski. Akaizungusha diski kwa mkono. Krrr, kisha kimya. Krrr, kisha kimya.

"Umeskia? Imepinda. Upande moja inagusa, upande ingine haigusi. Ukienda polepole huwezi jua." Akafuta mikono. "Gari unaosha wapi?"

Nikamweleza. Kabla ya kufika kwetu kuna mteremko mrefu, unaushuka mguu ukiwa kwenye breki mwanzo hadi mwisho. Chini kuna kijito, na mama mmoja ana pampu pale. Maji yake yanatoka msituni, baridi ya kukata vidole. Mpira wa maji nilikuwa naushika mwenyewe, na nilianza na magurudumu kwa kuwa ndiyo baba anayotazama. Yalitoa mvuke, fuuu, nami nikadhani ndiyo uchafu unatoka sawasawa.

Fundi alivua miwani. "Chuma moto, maji baridi. Madam, ni wewe umeipinda."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Diski zilikuwa zimekwisha sana, hazingeweza kuchongwa, kwa hiyo alitia mpya pamoja na padi zinazozibana, akakaza nati kwa kukingamisha ili zishike sawa.

Ijumaa mama wa pampu alikuwa ameshanyoosha mpira aliponiona. Nikampungia mkono nikapita. Niliingia kwa baba na vumbi lote la Doldol, na kabla hajafungua mdomo nikamweleza kila kitu, hata ile fuuu.

"Hiyo hata utingo anajua!" alisema. "Nani alikufunza kuosha gari ikiwa moto?"

"Hakuna, baba. Nilitaka uikute safi."

Akageuza uso upande wa migomba. Sikujua kama kesho yake angepanda gari langu.

Alipanda. Mahali palepale pa trekta, barabara ikiwa tupu, nikafika tisini. "Baba, nashika breki." Akakamata kishikio cha juu kwa mikono yote miwili, akafumba macho. Nikakanyaga. Usukani ulitulia kama meza, gari likapungua mwendo mpaka likasimama.

Alifumbua macho. "Rudia," alisema.

Nikarudia. Mara ya tatu aliachilia kile kishikio.

Ijumaa moja, miezi kadhaa baadaye, nilipiga honi langoni nikingoja jirani aje kufungua kama kawaida. Aliyefungua ni baba, amesimama kwa fimbo moja, na kitambaa begani. Gari lilikuwa limejaa vumbi hadi vioo, lakini hakuyatazama magurudumu. Kando ya lango, kivulini, alikuwa ameweka ndoo ya maji.

"Ingiza, uiache ipoe," alisema. "Leo nitaosha mimi."