Vipimo Viwili na Sikio la Mbaruku

Mbaruku alitengeneza amplifaya Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwa miaka thelathini na nane, na sifa yake ilikuwa masikio. Mafundi wenzake walimletea redio asikilize tu, awaambie ugonjwa uko wapi.

Amplifaya ya kwaya ya Severa ndiyo iliyomtoa jasho. Ililetwa imekufa, akaifufua. Lakini alipoijaribu aliona sauti nyembamba zimefifia, akabadilisha vipuri kuzipandisha. Baada ya wiki Severa, kiongozi wa kwaya, akairudisha.

"Shikamoo, fundi. Soprano zinachoma masikio, watu kanisani wanakunja uso."

"Marahaba. Zinachoma? Mimi naona bado ziko chini."

Akaunganisha spika ndogo, akatoa vipimo viwili: kile cha mshale, alichokuwa nacho tangu ujana, na kipya cha namba alichonunua juzi. Akapiga mlio mzito kutoka kwenye simu. Vyote viwili vikasoma volti ishirini. Akaja kwenye mlio mwembamba. Cha namba kikaanguka hadi tisa. Cha mshale kikapanda hadi ishirini na saba.

Akabadilisha nyaya. Akabadilisha betri. Vikarudia vilevile. Kipya alikiamini kwa sababu kilikubaliana na sikio lake. Cha zamani alishakiona kimezeeka.

"Mama, ngoja kwanza niongeze mlio, hausikiki."

Severa alikuwa ameziba masikio kwa viganja. "Zima, fundi! Zima!"

Mbaruku akaisogelea spika. Akaweka kidole juu yake, ilikuwa inatetemeka. Akainama mpaka sikio likagusa kitambaa. Kimya.

Akazima. Severa alimtazama, kisha akayakwepa macho yake.

"Umeanza lini kutosikia?" akauliza polepole.

"Sijui," Mbaruku akasema. "Nitajuaje?"

Akavitoa vipuri alivyoongeza, akarudisha vya mwanzo. Kwa mlio uleule mwembamba mshale ukatulia kwenye ishirini; cha namba kikazidi kushuka, kumbe hakikutengenezwa kupima milio ya juu. Severa ndiye aliyesikiliza, akasema sasa ni sawa. Akamshukuru kwa sauti kubwa kupita kiasi, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Hospitali walimpima, wakamwambia kilichopotea hakirudi. Akarudi dukani, maana hakuwa na kazi nyingine aijuayo. Siku hiyohiyo fundi jirani, Uwesu, akaja amekumbatia redio.

"Mzee wangu, hebu nisikilizie hii."

Mbaruku akaipokea, akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akanyoosha mkono kuchukua kipimo cha mshale.