Ndege Wasio na Vichwa

"Kwa nini hii ndege yote haina kichwa?"

Mzungu mkubwa wa serikali aliniuliza hivyo ofisini mwake, hapa Kasongo, picha ikiwa imeegemezwa ukutani. Sikuwa na jibu. Nilijibu hata hivyo, na kosa langu ni hilo! Nisikilizeni, ndugu zangu, nimechoka kulibeba peke yangu.

Aliyeichora ni Ramazani, mchoraji wa vibao vya maduka. Alikuwa mchumba wangu, ingawa kwao ni Waislamu na kwetu ni Wakristo. Nilimwacha hapa nikaenda chuo kikuu, mbali, msichana wa kwanza wa mtaa wetu kufika huko. Niliporudi nikakuta ameoa Zaina. Nikamfuata sokoni, mbele za watu.

"Na mimi, Ramazani?"

"Weye? Weye unauliza maulizo kama polisi. Mutu atalala namna gani na polisi ndani ya nyumba?"

Soko zima likacheka! Mama aliyekuwa akinipimia samaki alicheka hadi kitambaa kikamwanguka kichwani. Nikaapa moyoni: utanijua.

Sikungoja sana. Alichora picha ya ajabu, akaiweka barazani ikauke. Anga jekundu kama kidonda, ndege wakubwa wanaruka kuelekea upande mmoja, na shingo zao zinaishia hewani. Mahali pa kichwa mmoja ana taa ya mafuta, mwingine birika, mwingine kufuli. Wa mbele kabisa ana kofia ngumu nyeupe ya wazungu, inaelea juu ya shingo tupu. Wapita njia walipunguza mwendo wakifika pale, nami pia. Ilikuwa nzuri, na sikutaka iwe nzuri.

Siku zile watu walikuwa wakidai uhuru, na wazungu walikuwa wanaogopa hata vivuli vyao. Askari akaichukua picha, na mkubwa wao akaniita mimi, mwalimu, mtu aliyesoma.

Chuoni nilikuwa nimesoma habari za wachoraji wa Ulaya wanaochora ndoto, ambao kwao kila kitu ni alama ya kitu kingine. Basi nikamfasiria. Kofia ni serikali iliyokatwa kichwa. Kufuli ni gereza litakalovunjwa. Taa ni nyumba zitakazochomwa.

"Na hii birika?"

"Maji yanachemka, bwana. Watu wanachemka."

Nikaona uso wake unabadilika, nikaongeza chumvi!

Mimi niliyebishana na mapadri juu ya Mungu, niliyedai ushahidi wa kila jambo, siku ile sikudai hata chembe ya ushahidi kwangu mwenyewe.

Wakampandisha Ramazani kwenye kamyo, lori la serikali, kumpeleka gerezani njia ya Kabambare. Zaina alikimbia nyuma yake na mimba yake, mpaka vumbi likamficha. Nilisimama nikatazama. Nilifurahi! Sitawadanganya. Nilirudi nyumbani nikala nikashiba.

Picha waliichoma. Ramazani alirudi baada ya muda mrefu, mikono inatetemeka, hawezi kuandika hata herufi moja kwenye kibao. Wazazi waliwaondoa watoto wao darasani mwangu. Mama yangu mzazi alikataa chakula nilichopika.

"Ule mukono," alisema, "umeuza mutoto wa wenyewe."

Na bado, nikikumbuka kile kicheko cha sokoni, hasira inanipanda upya! Sijui kuizima. Wewe unayenisikiliza, kama una elimu kuliko wenzako na una kisasi kifuani, funga mdomo! Kisasi kikipata maneno mazuri, hakuna wa kukizuia.

Miaka mingi baadaye Zaina aliniambia kisimani, bila kunitazama. Taa, birika, kufuli na kofia zilikuwa bidhaa za duka la baba yake Ramazani. Picha ilikuwa ya chumba cha mama mkwe wake, mama wa sala, naye aliwakubali ndege kwa sharti ambalo nyumba yoyote ya Kiislamu mtaani kwetu ingenieleza kama ningeuliza: kiumbe chenye uhai hakichorwi kikiwa na kichwa.