Tundu la Nyuma, la Chini

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa tano tulimzika Dieudonné, mdogo wangu. Ninayoandika hapa yalitokea Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Sikuwa nimelewa, sikuwa ndotoni. Mimi ni mfagiaji wa maabara alikokuwa akifanya kazi. Sina shule ya kutunga uongo mrefu.

Kwetu, kilio kikiisha, vitu vya marehemu huoshwa. Basi asubuhi hiyo niliosha na meza yake. Nilichomoa nyaya za kompyuta, nikapangusa, nikazirudisha. Tundu lililokubali, niliona ndilo.

Alipofika Mama Furaha, aliyechukua nafasi yake, mashine ya kupima damu ilikataa kuongea na kompyuta. Alifuta ile programu inayoziunganisha, wao huiita pilote, akaiweka upya mara mbili. Akazima, akawasha. Kompyuta ikaandika yaleyale: mashine haionekani. Na daktari alikuwa akingoja kipimo cha msichana aliyeletwa kutoka Fataki, amepauka, anahema. Hakutaka kumwongezea damu bila kujua imebaki kiasi gani.

Nilinyamaza. Wewe ungesema nini? Niliamini nimeua mashine ya mdogo wangu, na kwamba huko aliko amenikasirikia.

Kwenye benchi alikaa mzee mmoja kipofu kutoka Mongbwalu, akingoja zamu yake. Akanigeukia.

"Weye dada, juu ya nini haumujibu huyu kijana?"

"Kijana gani, muzee?"

"Huyu iko pembeni ya mashini. Anasema na kusema: kamba irudi nyuma, mu tundu ya chini. Masikio yako iko inalala?"

Mama Furaha akafyonya. "Muzee, acha. Hapa tuko bawili tu, miye na huyu dada."

"Basi huyu anamuita Yaya Pole-Pole ni nani?"

Niamini, huyo Yaya, yaani dada mkubwa, ni mimi. Jina hilo ni la jikoni kwetu. Dieudonné peke yake alinitania hivyo, na kazini hakulitamka hata siku moja.

"Mama Furaha," nikasema, "ni miye nilitoa kamba."

"Mungu wangu! Na unaniangalia tu?"

Nilipiga magoti chini ya meza, nikauhamisha waya wa mashine hadi tundu la nyuma, la chini. Mashine ikalia, namba zikaanza kutokea kwenye kioo cha kompyuta. Baadaye Mama Furaha alinieleza: kila tundu hupewa namba yake na kompyuta, na programu ilikuwa ikiitafuta mashine kwenye namba ya zamani. Hakuna kilichokufa. Hayo nayakubali. Lakini yule mzee alijuaje?

"Anasema nini sasa?" nikamuuliza.

"Anacheka. Anakucheka weye." Kisha akatega sikio mlangoni. "Ameisha toka."

Msichana alipata damu kabla ya saa sita.

Siku hizi kila waya pale una plasta yenye alama. Nawe usichomoe waya wa mtu kabla ya kuutia alama. Na ukikosea, sema upesi. Usingoje mpaka aliye kaburini akusemee.

Jioni ya Jumatatu hiyo nilirudi nyumbani Mudzipela kwa miguu, nikapika sombe, majani ya muhogo, nikala, nikalala mpaka asubuhi.