Treni Haina Mtani

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mjukuu wangu, nayo ni siku niliyokamatwa kando ya reli huku nikicheka. Nimeona nikusimulie leo kwa sababu mama yako amenionyesha suruali yako iliyochanika magotini. Anasema ulikuwa umechuchumaa katikati ya reli, simu mkononi, ukingoja treni itokeze kwenye kona ili uipige picha kwa mbele. Sikugombezi. Kupenda treni hakukuanza na wewe katika ukoo huu, na ukinitazama vizuri utajua ugonjwa huo umeurithi wapi. Kaa hapo, uniache nizungumze kwa mwendo wangu, maana meno yamepungua na maneno siku hizi yanatoka kwa foleni.

Miaka ya sabini nilikuwa kijana wa studio pale Mlandege, Iringa. Kazi yangu niliijua. Mtu alikaa kwenye stuli, nyuma yake pazia lililochorwa ziwa na ndege ambao hakuna aliyewahi kuwaona Iringa, nami nilijifunika kitambaa cheusi nyuma ya kamera ya miguu mitatu na kusema, "Tulia, usipepese." Watu wazima walitulia mpaka nikawaonea huruma. Wakati huo reli mpya ilikuwa imeanza kupitisha treni. Ilitoka Dar es Salaam, ikapanda Makambako, ikapita Mbeya na kwenda zake Zambia, na kila aliyekwenda kuiona alirudi akiwa mwalimu wa treni kwa wenzake.

Lakini mimi nilikuwa na jambo kubwa kuliko treni. Nilimpenda Anjelina, binti wa Igowole. Baba yake, Mzee Kasiani, alikuwa mkulima wa pareto, mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalikuwa makali. Nilipokwenda kujieleza alinikaribisha ulanzi, akaniacha ninywe, kisha akauliza, "Kazi?"

"Napiga picha, baba."

"Picha za watu wamekaa?"

"Ndiyo, baba."

"Hata mbuzi wangu anaweza kumtazama mtu amekaa. Niletee picha ya ile treni, nione kama kweli unafanya kazi. Uilete kabla ya Pasaka. Pasaka ikipita, usinirudie hapa."

Anjelina alikuwa jikoni, akasikia yote. Aliponisindikiza mpaka barabarani aliniambia neno moja tu: "Usichelewe." Mwanangu, neno hilo lilinipanda kichwani kuliko ulanzi wa baba yake.

Nikaanza vibaya. Nilikuwa nimesikia mtaani kwamba reli ni mali ya serikali, na ukionekana karibu nayo na kamera utaulizwa maswali. Badala ya kwenda kwa wenyewe nikaulize mimi kwanza, niliamua nisionekane kabisa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, ila mwaka ule nilidhani walikuwa wanawaambia watu wengine. Nikaazima kamera ya studio, nikapanda basi mpaka kituo kimoja kidogo kati ya Makambako na Mbeya, ambacho jina lake nalihifadhi kwa heshima ya waliokuwepo. Sikuingia stesheni. Nilizunguka kwa nyuma, nikapita katika mashamba ya watu, nikaenda kujibanza kwenye nyasi ndefu karibu na daraja. Nikasimamisha kamera, nikajifunika kile kitambaa cheusi, nikatulia.

Mimi nilijiona fundi kazini. Sasa fikiria mtu anayepita njia yake, anaona kichakani, jirani na daraja, kitu cheusi chenye miguu mitano, mitatu ya mti na miwili ya mtu, kimeelekeza mdomo wake relini.

"Weka chini mzinga!"

Nikatoa kichwa. Alikuwa mgambo, rungu mkononi, anatetemeka kuliko mimi.

"Siyo mzinga, bwana. Kamera hii."

"Kamera ina miguu? Mimi natoka Songea, lakini siyo mjinga!"

Hapo furaha ikanijaa. Songea! Kumbe Mngoni! Nyinyi mmezaliwa mjini na mambo haya mnayasikia kwa mbali, kwa hiyo nikueleze. Sisi Wahehe na Wangoni ni watani. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane kwa kicheko. Mtani anaweza kukuita jina lolote alitakalo; sisi huwaambia wao wanakula panya, nao hutuambia tunakula mbwa. Anaweza kukunyang'anya kofia msibani na kukataa kuirudisha mpaka uikomboe, na wewe huna ruhusa ya kununa. Nikajua nimepona.

"Ah, Mngoni!" nikamwambia. "Rungu amekupa nani? Rudi ukachimbe panya wako, waache watu wafanye kazi."

Uso wake ukafunguka. "Kumbe Mhehe! Ndiyo maana. Na mbwa wako yuko wapi? Au umeshamla njiani?"

Tukacheka wote wawili. Akainyanyua kamera yangu, akaiweka begani, akanishika ukosi wa shati. "Haya, twende." Nikasema moyoni, huyu mtani anaujua utani haswa.

Tulitukanana njia nzima. Aliposema, "Umekamatwa wewe," nilicheka. Aliposema, "Hii kazi, Mhehe, siyo utani," nilicheka zaidi, maana hivyo ndivyo asemavyo mtani mzuri. Tuliwapita akina mama waliokuwa wakiuza karanga pale stesheni, nikawapungia mkono, nao wakanipungia. Akafungua stoo ya mizigo, nikaingia mwenyewe, tena nikiinamisha kichwa kwa adabu nisigonge mlango. Akafunga, nikaendelea kucheka. Kilichonikata kicheko ni kufuli.

"Mngoni!" nikaita. "Utani basi sasa!"

"Nani kasema utani? Nilikuwa natania mdomoni. Mkononi nilikuwa kazini."

Ndani mlikuwa na magunia ya viazi na tenga la kuku. Nikiwa bado natafuta tusi la kumjibu, nikasikia honi. Treni ilikuwa inaingia. Nilikimbilia kwenye ufa wa mbao, nikaona magurudumu, na nyuma ya magurudumu hayo, magurudumu mengine. Ikasimama kidogo, ikaondoka zake Mbeya. Kuku walikuwa upande wenye ufa mkubwa na nadhani waliiona vizuri kuliko mimi. Sikucheka tena. Niliiona Pasaka inapita, nikamwona Anjelina anampakulia chakula mwanamume mwingine, nikakaa juu ya gunia la viazi nikalia. Kulia kwenyewe kulikuwa kwa sauti, sikufichi.

Treni ilipokwisha kuondoka mlango ulifunguliwa na bwana stesheni, mzee wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu. Mgambo alikuwa nyuma yake, amebeba kamera yangu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Ugonile," mzee akanisalimu kwanza, utadhani nimemtembelea nyumbani kwake. Nikaitikia huku nafuta kamasi. "Sasa sema."

Nikasema yote, tangu mbuzi wa Mzee Kasiani mpaka kuku wa stoo. Mgambo alitaka kucheka, akaona heri apige saluti.

"Kijana," mzee akasema, "kwenu Iringa mgeni anaingiaje nyumba ya mtu?"

"Anapiga hodi, mzee."

"Akiwa wapi?"

"Mlangoni."

"Na akikutwa anapanda dirishani, hata kama alikuja kuomba maji ya kunywa?"

"Ataitwa mwizi, mzee."

"Reli nayo ina mlango. Mlango wake hapa stesheni. Pale nje kuna benchi, kuna paa. Akina mama wale wengine hata karanga hawauzi, hawana ndugu anayesafiri, wanakuja kuitazama treni tu, roho zinafurahi, wanarudi kwao. Umeona nani amewafukuza? Ungekuja ukaniambia shida yako ningekuonyesha mahali pa kusimama. Darajani hapana. Kwenye reli yenyewe hapana kabisa." Akamtazama mgambo, kisha akanitazama mimi. "Nasikia nyinyi watani. Vizuri sana. Huyu ukimtania atakutania. Lakini pale darajani ungeteleza, kitambaa kimekufunika macho, na ile inakuja. Ungeiambia nini? Treni haina mtani, mwanangu. Haimjui Mhehe wala Mngoni."

Alisema polepole, bila kufoka, na ndiyo maana aibu ilinishika mpaka masikioni. Angefoka ningepata cha kujitetea. Kisha akamwambia mgambo aniachie na anirudishie kamera.

Treni nyingine ilikuwa bado siku chache, na ndiyo ingekuwa ya mwisho kabla ya Pasaka. Unadhani nani alinipa mahali pa kulala? Mngoni yule yule. Mkewe alitupikia ugali na nyama ya mchuzi. Nikauliza ni nyama gani. "Kula, Mhehe," mtani wangu akasema. "Haikubweka." Nikala, na ilikuwa tamu.

Siku ya treni nilikuwa wa kwanza stesheni. Nilinawa uso, nikapiga hodi ofisini kwa bwana stesheni ijapokuwa mlango ulikuwa wazi na alikuwa ananiona. Alinipeleka mwenyewe mpaka mwisho wa jukwaa la abiria, nyuma ya mstari mweupe, jua likiwa mgongoni kwangu. "Hapa utaiona ikiingia na ikitoka," akasema, "na hakuna atakayekuuliza." Ilipoingia, ardhi ilitetemeka mpaka nikaisikia magotini. Nilikuwa nimesikia habari zake nyingi, lakini kusikia si kuona. Nilifurahi mno, nikasahau hata kwamba nilikuwa na kamera.

Basi hapo likaanza balaa la pili. Dereva aliona kamera, akaomba tumngoje afunge vifungo vya shati. Akina mama wa karanga wakasema wao ndio wenyeji, haiwezekani wageni wapigwe picha wao wakiwa pembeni, wakajipanga mbele. Abiria wakatoa vichwa madirishani, wengine wakashuka kabisa, bibi mmoja na jogoo wake kwapani. Mgambo akaja mbio kuwaondoa, lakini alipofika mbele aligeuka, akasimama katikati yao, rungu begani, utadhani treni ameinunua yeye.

"Jamani, mimi nataka treni!" nikapiga kelele.

"Si hii hapa nyuma yetu!" wakanijibu.

Bwana stesheni akatazama saa yake. Sikuwa na la kufanya. Nikaingia ndani ya kitambaa, nikasema kwa sauti yangu yote, "Tulieni, msipepese!" Wakajitahidi, ila kucheka hawakuweza kuacha. Nikapiga hivyo hivyo.

Nilipoisafisha picha ile Mlandege nilikuta si picha ya treni. Watu walijaa kutoka pembe hadi pembe, meno yote nje. Treni ilionekana kipande cha paa, taa moja, na dereva dirishani akiwa amekosea vifungo. Jumamosi, Pasaka ikiwa kesho yake, nikafika Igowole nayo imefungwa kwenye gazeti. Mzee Kasiani aliipeleka mlangoni penye mwanga. Aliitazama mpaka nikaanza kufikiria basi la kurudia.

"Treni iko wapi?"

"Iko nyuma ya watu, baba."

"Nilikutuma treni au watu?"

"Treni, baba."

"Na hawa wanamcheka nani?"

"Mimi."

Nikamweleza yote, daraja, utani na kufuli. Hakutabasamu hata kidogo. Anjelina alikuwa amesimama pembeni na sufuria isiyo na kitu ndani, anajifanya anakwenda mahali.

"Ungeniletea treni tupu uliyoipiga umejificha kichakani," mzee akasema, "picha ningeipokea na binti ningekunyima. Mtu anayepita nyuma ya nyumba za watu ataipita na yangu. Lakini hawa wote umesimama mbele yao mchana, na wao wamesimama mbele yako kwa hiari yao. Basi huwezi kuwa mtu mbaya sana." Akageuka. "Anjelina, acha kuzunguka na sufuria. Njoo umsalimie mume wako."

Nilimshukuru. Nilipiga magoti nikashika mkono wake, naye akaniambia niinuke nisimchafulie mlango.

Basi shika haya, mwanangu. Moyo wa kupenda treni ni mzuri, usiuache, ila uupeleke mahali unapopokelewa. Nenda stesheni, penye paa na benchi na watu. Salimia kwanza, kisha uulize, kwani kuuliza si ujinga. Ukionyeshwa pa kusimama, simama hapo. Ukikatazwa, usinune wala usizunguke kwa nyuma, maana mwenye nyumba ndiye anayejua shimo liko wapi. Reli usiikanyage hata ikiwa kimya, na simu yako isikufunike macho karibu na kitu kisichojua kukukwepa. Na watu wakikujazia picha, waache wajae. Mimi tangu siku ile nimepiga treni nyingi zisizo na mtu hata mmoja mbele yake, safi kabisa, na hakuna hata moja iliyonipatia mke.

Haya, inuka, bibi yako anatuita mezani na tukichelewa atakuja mwenyewe. Mungu akupe macho ya kuona mema ya dunia hii na miguu ya kukurudisha nyumbani kila jioni. Kila mlango utakaopiga hodi, ukute ndani mtu wa kukuitikia karibu.