Ubao wa Mbele ya Kabati

Nyumba ya Bi Mwatum pale Malindi ilinyamaza siku Fundi Simai alipomaliza kupigilia misumari mbao za sakafu ya juu zilizokuwa zikilia kila zikikanyagwa. Wiki haijaisha, akaitwa tena.

"Ule ubao wa mbele ya kabati uachie ulie," alisema Bi Mwatum. "Zamani ukilia nikijua bwana'ngu kaifuata sukari. Sasa sukari niliyoipangia foleni imekwisha na mlaji simsikii."

Simai alisononeka. Miaka thelathini ya ufundi hajapata kuacha ubao unaolia. "Watu watasema sijui kazi, Bi Mwatum."

"Na mimi ninywe chai bila ya sukari kwa ajili ya jina lako?"

Simai akang'oa misumari miwili, akaukanyaga ubao, ukalia.

"Ukiulizwa," alinong'ona, "sema huu kaupiga fundi mwengine."

Siku hizi Simai anaishi Chukwani, katika nyumba ya sakafu ya saruji, isiyo na ubao wa kulia.